Fimbo za gofu: Jinsi ya kujipanga na seti fiti bila kukula kodi ya keja

Manze, kuna siku nilitoka job nikiwa na elfu 18 kwa simu, nikakutana na mse fulani kwa pakingi ya mol, na nikarudi keja na draiva mpya kabisa. Plastiki bado ilikuwa kwa kichwa. Nilikuwa nimeiona mtandaoni, bei ya duka ikiwa karibu mara nne ya hiyo, nikajiambia leo nimeokota. Wiki mbili baadaye, kwa uwanja wa mazoezi, nikapiga mpira wa sita hivi na kichwa cha draiva kikaenda mbali kuliko mpira. Wasee walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikampigia muuzaji. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani.

Kodi ya keja wakati huo ilikuwa elfu 22. Landlodi hakuona joke.

Naandika hii kwa sababu vijana wengi wa Nairobi wameingia gofu miaka hii, na si lazima uwe mtoto wa mdosi. Kuna wale huanza pale Golf Park, Ngong Racecourse, ndoo ya mipira moja na fimbo ya kuazima. Wengine wamekulia karibu na uwanja, wakabeba begi za watu kabla ya kubeba zao. Mapro kadhaa wa Kenya walianza hivyo hivyo, makedi. Lakini ukishaanza kucheza vizuri kidogo, kuna ugonjwa unakushika: unataka fimbo mpya. Na hapo ndipo watu huchezwa.

Shida ni fimbo ama ni wewe?

Hili swali liulize kabla utoe hata soo. Kama mpira wa leo unaenda kushoto, wa kesho kulia, na wa keshokutwa hauendi popote, hiyo si fimbo. Ni wewe, mse wangu. Peleka hiyo doh kwa mwalimu, chukua masomo manne au matano, utashukuru baadaye.

Lakini ukifika mahali unapiga kitu kile kile kila siku, na bado kinaenda mahali pale pale pasipofaa, sasa fimbo inaweza kuwa na neno. Mimi nilikuwa nimetoka handikapu ya 28 nikashuka 21, na aironi zangu zote zilikuwa zinapeleka mpira kulia. Zote. Nilibadilisha mkono, nikabadilisha miguu, nikatazama video mpaka bando zikaisha. Kedi mmoja mzee, mtu amebeba begi miaka mingi kuniliko, ndiye alinichanua. Alichukua aironi 7 yangu, akaigeuza, akaangalia chini yake.

"Bosi, hii fimbo ni ya mtu mfupi."

"Unajuaje, mzee wangu?"

"Ona mahali imechubuka."

Chini ya kichwa, mikwaruzo yote ilikuwa upande wa ncha, ule wa mbali na mti wa fimbo. Mimi ni futi 6 na inchi 2. Fimbo ilikuwa imelala sana, kwa hivyo ncha ndiyo ilikuwa inagonga ardhi kwanza, uso unafunguka, mpira unaenda kulia kwa mtu wa mkono wa kulia. Ingekuwa imesimama sana, mikwaruzo ingekuwa upande wa karibu na mti, na mpira ungeenda kushoto. Yaani miezi nane nilikuwa napigana na mwili wangu bure.

Hii kitu unaweza kujipima mwenyewe bila kulipa mtu. Bandika kipande cha selotepu chini ya aironi, piga mipira kadhaa kwa mkeka mgumu, angalia alama iko wapi. Ikiwa katikati, tulia. Fundi wa fimbo anaweza kukunja shingo ya aironi digrii moja au mbili ikae vile mwili wako unataka. Chuma iliyofuliwa hukubali kukunjwa kirahisi kuliko ile iliyomiminwa kwenye kalibu, so muulize kwanza ni gani. Na ukipata aironi za Ping za mtumba, kuna nukta ya rangi: nyeusi ndiyo ya kawaida, buluu imesimama kidogo, nyekundu imelala kidogo. Usinunue rangi ya mtu mwingine kwa sababu tu seti inang'aa.

Mti wa fimbo kabla ya kichwa

Watu hununua jina. TaylorMade, Callaway, Titleist, kichwa kinang'aa kama nganya mpya ya Rongai. Lakini kitu kinakuamulia mpira ni mti, ile shafti. Kuna herufi imeandikwa hapo: R ni ya kawaida, S ni ngumu, A ni laini zaidi, mara nyingi ya wazee, L ni ya wanawake, ingawa hizo herufi hazina kipimo kimoja. S ya kampuni hii inaweza kuwa kama R ya ile.

Na vijana wa Nairobi, wote wanataka S. Ati wana nguvu. Kasi ya draiva yako ikiwa maili 85 hadi 95 kwa saa, na wengi wetu tuko hapo, R inakutosha. S anza kuifikiria ukipita 95. Mti mgumu kuliko wewe utauona: mpira unaruka chini, hauna uhai, unaishia kulia. Kama mahali unafanya mazoezi kuna mashine ya kupima, lipia hata nusu saa. Ni bei ndogo kuliko kununua kitu kibaya na kujaribu kukiuza tena.

Kichwa nacho, epuka zile aironi nyembamba kama kisu unaona mapro wakitumia Kenya Open. Zile zinamtaka mtu anayegonga katikati kila saa. Chukua zenye nyuma imechimbwa, uzito ukasukumwa pembeni, ndio hata ukigonga vibaya mpira bado unaenda mahali. Karsten Solheim, injinia aliyeanzisha Ping, ndiye alisukuma hilo wazo sana, na Ping Eye 2 za 1982 bado utazikuta kwa begi za wazee, na bado wanakushinda nazo.

Kitu ingine ya kuchunga ni lofti, yaani ile mlalo wa uso. Aironi 7 za zamani zilikuwa digrii 34 hivi. Za siku hizi nyingi ziko 30, zingine chini ya hapo. Kwa hivyo jamaa akikuringia ati anapiga 7 yadi 170, huenda anapiga 6 ya babu yake imeandikwa 7. Hiyo si kucheka tu. Pitching weji za seti mpya ziko kama digrii 44, halafu sandi weji ni 56. Katikati hapo kuna shimo la digrii 12, na utajikuta yadi 90 kutoka kwa bendera bila fimbo. Ukinunua seti, uliza lofti za zote, kisha ujaze hilo shimo na weji ya 50.

14 ni mwisho, si lazima

Sheria inasema usibebe zaidi ya fimbo 14. Ukizidisha unakula adhabu ya mikwaju miwili kwa kila shimo ulilovunja sheria, mwisho minne kwa raundi. Hakuna mahali imeandikwa lazima zifike 14. Anza na tisa au kumi. Aironi 3 na 4 achana nazo kabisa, hibridi moja inafanya hiyo kazi bila kelele.

Kama doh ni ya kuunga-unga, mpangilio wangu ni huu, na najua kuna wasee watabisha. Patta kwanza. Hakuna fimbo unaishika mara nyingi kuliko hiyo kwa raundi, na haizeeki. Ya miaka 15 iliyopita inaingiza mpira sawa na ya jana. Halafu aironi za mtumba zinazokutosha. Halafu weji, na hizi usichukue kuukuu sana, kwa sababu mifereji ya uso ikiisha mpira haushiki grini. Draiva ndiyo ya mwisho. Na ikifika, chukua lofti ya 10.5 au hata 12. Wale wa 9 mara nyingi wanajionyesha tu.

Mtumba wa gofu

Kuna wadosi hubadilisha draiva kila mwaka kama simu. Hao ndio marafiki zako. Fimbo zao zikitoka kwa begi ni kamera, kama zile nguo za kwanza bale likifunguliwa Gikosh. Makedi ndio hujua nani anauza, kwa hivyo salimia watu vizuri pale uwanjani, na ukiletewa dili usisahau kumtoa mtu wa kati.

Ukipata seti, usiangalie kwa picha. Enda mchana. Shika kila mti uutazame kwa urefu kama fundi anayeangalia mbao, uone kama umepinda. Hakikisha miti yote ya aironi ni ya aina moja, kwa sababu zingine zimevunjika njiani zikabandikwa chochote. Tikisa draiva usikie kama kuna kitu kinacheza ndani, na pitisha kidole juu ya kichwa utafute ufa mwembamba. Mpini ukiwa mgumu kama raba ya ndala ya zamani, hesabu bei ya kubadilisha.

Feki nazo ziko, na mimi ni shahidi. Kampuni nyingi huchora nambari ya siri kwenye shingo ya fimbo. Iandike, ulizia kampuni kabla ya kulipa. Maandishi yakiwa yameshuka, rangi haifanani kati ya aironi moja na nyingine, ama bei ni tamu mpaka unaangalia nyuma kama kuna mtu amekuona, hepa. Halafu itisha risiti ama mtu anayeweza kukuambia seti ilitoka kwa nani. Begi za gofu huibiwa kwa magari. Hutaki mwenyewe akutane na fimbo zake kwenye shimo la saba.

Doh itatoka wapi

Twende kwa hesabu. TaylorMade Qi10 ilipotoka 2024 ilikuwa karibu dola 600 Marekani. Kwa Sh129 kwa dola hiyo ni kama Sh77,000, fimbo moja, kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16. Ukitaka kuagiza kutoka nje, bonga na wakala wa forodha kwanza, si baada ya mzigo kufika JKIA.

Mimi baada ya ile aibu ya draiva nilijipanga miezi tisa. Patta Sh6,000. Aironi sita za mtumba, 5 mpaka pitching weji, Sh32,000, na kubadilisha mipini yote sita Sh7,200. Weji mbili Sh9,000. Hibridi Sh7,000. Draiva, ya mtu ninayemjua sasa, Sh14,000. Jumla Sh75,200, fimbo 11. Ni chini ya ile draiva moja mpya.

Aironi ndizo zilinisumbua kwa sababu mwenyewe alitaka doh yote mara moja, na mikopo ya simu ikaanza kuniita. Nikachora kwa karatasi. M-Shwari hutoza asilimia 7.5 kwa siku 30, kwa hivyo ukichukua 40,000 umetoa angalau 3,000 kwa mwezi mmoja tu. Sacco yetu ni asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Hiyo 40,000 ikilipwa miezi sita kwa mafungu sawa ya deni, riba yote ni 1,400. Nikaenda sacco, nikangoja wiki mbili, na mwenye aironi alingoja pia. Asiyeweza kungoja wiki mbili mara nyingi ana sababu.

Usisahau kwamba fimbo ni mwanzo tu. Kuna ada ya uwanja, kuna kedi, kuna mipira, na dazani ya Pro V1 ni kama dola 55, ambayo utaizamisha kwa bwawa asubuhi moja. Nunua mipira iliyookotwa, hakuna mtu anaangalia.

Na ukisafiri Mombasa usishtuke. Nairobi tuko juu, zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi na mpira unaruka mbali. Aironi iliyokuwa inakupa yadi 150 hapa, ukifika Nyali inaweza kukosa kama yadi 10 au zaidi. Fimbo haijaharibika. Chukua moja kubwa zaidi.

Begi langu bado lina nafasi tatu. Nataka weji ya digrii 60, ile ya kurusha mpira juu kama mapro. Nilimwambia mzee wangu kedi Jumamosi iliyopita. Aliangalia bunka ambayo nilikuwa nimetoka kupiga mara nne, akafuta ile weji ya 56 taratibu, akairudisha kwa begi.

"Bosi, hii nayo umeimaliza?"