Kubadilisha sura ya tovuti: nini kinabaki, nini kinapotea?

Chama cha wakulima wa kahawa kiko na tovuti yake ya WordPress. Chini ya kila ukurasa kuko namba ya simu ya kupiga. Siku moja kijana mwenye kuisimamia anaona sura ile imezeeka, anachagua temu mpya, anabonyeza. Namba haionekani tena, menyu haipo, rangi zimebadilika. Mnunuzi anayefungua siku hiyo hajui apige wapi. Je, kazi yote imepotea?

Hapana. Temu ni sawa vile nguo, na tovuti ni mwili. Habari, kurasa na mapicha ni mwili: zinabaki hata ukibadilisha nguo mara kumi. Lakini rangi, picha ya juu na mistari uliyoandika kwenye «CSS additionnel» zimeshonwa kwa nguo ya zamani. WordPress inazihifadhi kwa jina la temu ile. Ukiirudia, utazikuta.

Menyu nayo haifutiki; mara nyingi inangoja tu uionyeshe mahali pake papya.

Temu za kisasa, zile za bloku zilizofika na WordPress 5.9 mwaka 2022, ziko na shida hiyo hiyo: ukirekebisha sehemu ya juu ao ya chini ya tovuti, marekebisho ni ya temu hiyo peke yake.

Basi, mbele ya kubonyeza, fanya hivi:

1. Weka kopi ya tovuti nzima, mafaili pamoja na hifadhidata.
2. Nakili CSS yako kwenye faili ya kawaida. Lakini ujue: temu mpya inaita sehemu zake majina mengine, kwa hiyo mistari fulani haitafanya kazi mpaka uisahihishe.
3. Piga picha za skrini: menyu, pembeni, chini.
4. Weka namba ya simu na adresi ndani ya «composition» yenye kusinkronizwa. Hiyo inabaki temu ikibadilika. Utaiingiza tu upya.
5. Jaribu kwanza kwenye kopi, hapana kwenye tovuti yenye watu wanasoma.

Ukimaliza, fungua tovuti kwenye simu, sawa vile msomaji wako, na utafute namba. Ukiiona bila kuhangaika, kazi imeisha. Ukiikosa, rudisha temu ya zamani kwanza, kisha urekebishe polepole.