Jeep ya zamani ya jeshi nyumbani: mambo ya kujua mbele ya kufungua buloni ya kwanza

BUNIA – Huko Ulaya na Marekani, kuna watu wengi wanaotumia siku zao za mapumziko kufufua motokari kuukuu za vita. Wanainunua jeep iliyooza, wanaifungua mpaka inabaki shasi tu, kisha wanairudisha barabarani kipande kwa kipande. Huku Ituri kazi ya namna hiyo si ngeni. Katika komini za Mbunya, Nyakasanza na Shari, mafundi wa motokari wanafanya hivyo kila siku na Land Cruiser na malori yaliyozeeka, juu wenye nayo hawana ingine ya kuwalisha.

Lakini motokari iliyotoka jeshini ina matata yake. Inaweza kuficha kombora, inaweza kukosa makaratasi, na rangi yake peke inaweza kumponza dereva kwenye bariera. Ndiyo maana kazi haianzii kwenye moteri.

Jeep ilitoka wapi?

Jeep ya kwanza inayojulikana duniani kote ni Willys MB. Kiwanda cha Willys na kile cha Ford viliitengeneza kati ya 1941 na 1945, na zilitoka zaidi ya 600,000. Ilikuwa nyepesi, kilo karibu 1,100, na moteri ya silinda nne yenye nguvu ya farasi 60. Iliundwa ili askari aweze kuitengeneza porini, akiwa na vyombo vichache. Hiyo ndiyo sababu hata leo mtu anaweza kuifungua nyumbani: haina kompyuta, na karibu kila kipande kinaonekana kwa macho.

Motokari zinazojulikana sana kwenye barabara za mashariki ya Kongo ni ndugu zake. Land Rover ilitokea 1948, kisha Maurice Wilks wa kampuni ya Rover kutumia jeep ya vita kwenye shamba lake. Toyota nayo ilitengeneza jeep yake mwaka 1951, na mwaka 1954 ikaipa jina la Land Cruiser. Fundi anayeijua Land Cruiser ya zamani hatapotea akifungua jeep.

Vita hivyo vya dunia havikupita mbali na huku. Mwaka 1941 askari Wakongomani wa Force Publique walienda mpaka Ethiopia kupitia Sudani, na mwezi wa saba majemadari wa Italia walijisalimisha kwao kule Saio. Kambi Saio ya Bukavu inabeba jina hilo. Tena mwaka 1964, wakati wa vita vya Simba, jeep zilirudi kwenye barabara za mashariki zikibeba mamluki na bunduki kubwa.

Kwanza: je, iko salama?

Motokari ya jeshi iliyoachwa kando ya barabara au porini si chuma kikuukuu tu. Ituri imepita katika vita vingi, na mabaki yake bado yako ardhini: grenadi, roketi, makombora ambayo hayakulipuka. Yanaweza kuwa chini ya kiti, ndani ya sanduku la vyombo, ao yamezikwa kwenye majani pembeni ya magurudumu. Watoto na watu wanaookota vyuma vya kuuza ndio wanaumia zaidi.

Sheria ni moja: usiguse, usivute, usichome moto ili kusafisha majani. Rudi kwa njia ileile uliyopitia, zuia wengine wasikaribie, kisha umjulishe chef wa kartie ao wa kijiji, polisi, ama askari. Kazi ya kuondoa vitu hivyo ni ya wataalamu. Nchini Kongo kuna kituo cha taifa cha kupambana na mabomu ya ardhini, CCLAM, na UNMAS ya Umoja wa Mataifa inafanya kazi hiyo humu nchini tangu 2002.

Pili: ni ya nani?

Motokari ambayo jeshi iliacha bado ni mali ya Serkali, hata kama imekaa myaka mingi bila magurudumu. Kuichukua ni kujitafutia kesi. Njia safi ni kununua ile iliyotoka jeshini kwa halali, iliyouzwa kwa raia, na yenye makaratasi: kibarua cha mauzo, karte roze, na ya duane kama ilitoka inje ya nchi. Namba iliyopigwa kwenye shasi lazima ilingane na ile iliyo kwenye karatasi. Kama imekwanguliwa, afazali kuacha.

Halafu kuna rangi. Kule Ulaya mtu anaona fahari kurudisha rangi ya kijani ya vita na alama zake. Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi mwezi wa tano 2021, na kwenye barabara ya Komanda ao ya Mahagi motokari ya kijani yenye raia ndani inaweza kudhaniwa kuwa ya jeshi ao ya waasi. Mtu anaweza kuipigia risasi mbele ya kuuliza. Nyeupe, bluu ao rangi ya mchanga bila alama yoyote ni salama zaidi. Historia ya motokari haipotei kwa sababu ya rangi.

Tatu: kazi yenyewe

Kosa la watu wengi ni kuweka beteri na kujaribu kuwasha siku ya kwanza. Moteri iliyolala myaka mingi ina kutu ndani ya silinda, na kuilazimisha kunaweza kuivunja. Mafundi wanatoa buji, wanamwanga mafuta kidogo ya moteri yaliyochanganywa na mazutu katika kila tundu, wanaacha siku kazaa, kisha wanaizungusha kwa mkono polepole. Kama inazunguka, wanabadilisha mafuta yote na kusafisha tanki la esansi na karbirateri.

Kisha freni, mbele ya kutembea hata mita kumi. Kaucho za freni zinakauka na kupasuka hata kama kwa inje zinaonekana nzima. Umeme nao unadanganya: Willys MB inatumia volti 6, na motokari nyingi za jeshi zilizofuata zinatumia volti 24. Beteri ya kawaida ya volti 12 itaunguza taa za ile ya kwanza.

Kila kipande kinachotolewa kinawekwa alama, buloni zake kwenye kopo lake, na kinapigwa foto kwa simu. Kazi inaweza kuchukua myaka miwili, na kichwa cha mtu hakikumbuki.

Ziwa Tanganyika linatoa mfano mzuri wa kutunza. Mwezi wa saba 1916, Wajerumani walizamisha wenyewe meli yao ya vita, Graf von Götzen, ili adui asiichukue. Mbele ya kuizamisha, mafundi wake walipaka moteri grisi nyingi. Waingereza waliiinua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikibeba abiria kwa myaka mingi. Grisi iliokoa moteri hizo chini ya mayi. Motokari iliyo chini ya mabati inastahili angalau hiyo: grisi, mafuta, na magurudumu yaliyoinuliwa juu ya matofali.

Sumu isiyoonekana

Freni za zamani mara nyingi zina amianto, vumbi yake ikiingia kwenye mapafu inaleta kansa. Haipulizwi kwa upepo. Inalowanishwa mayi na kufutwa. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo isikwanguliwe ndani ya nyumba ao karibu na watoto. Na saa za dashibodi zinazong'aa usiku kwenye motokari za wakati wa vita vya dunia zinaweza kuwa na radiumu: zisifunguliwe.

Kwa yule anayetaka kuanza, hesabu ifanywe kwa mpango huo: usalama, makaratasi, freni, kisha moteri. Rangi na uzuri vinakuja mwisho. Na kama jibu la swali la kwanza ao la pili ni baya, motokari ibaki pale ilipo.