Suti, jinzi au kanzu: Nani aamue vazi la chakula cha jioni melini?

Ikifika saa kumi na mbili jioni, meli ya Queen Mary 2 ikiwa katikati ya bahari ya Atlantiki kati ya Southampton na New York, sura ya abiria hubadilika. Waliokuwa wamejilaza sitahani na kaptula zao wanaingia vyumbani. Wanaporudi, wanaume wamevaa suti nyeusi na tai za kipepeo, wanawake wamevaa magauni marefu yanayofagia zulia. Ni usiku wa gala, na asiyevaa hivyo hataketi katika ukumbi mkubwa wa chakula.

Si abiria wote waliovaa hivyo. Katika meli hiyohiyo wako waliokataa kufunga tai likizoni. Wanakula Kings Court, mahali pa kujipakulia, au wanakaa katika baa ya Golden Lion na mashati ya kawaida. Nao walilipa nauli. Ndiyo maana ubishi huu haujaisha kwa miaka mingi: je, mtu aliyelipa pesa zake apangiwe nguo ya kulia chakula?

Kwa anayevusha robota za vitenge Busia, Namanga au Rusumo, ubishi huo unaweza kuonekana ni wa matajiri. Lakini kila muuza nguo anajua kwamba kanuni ya mavazi huuza bidhaa na kanuni hiyohiyo huiozesha dukani. Shule ikibadilisha rangi ya sare, mzigo wa mwaka jana unabaki rafuni. Meli zikibadilisha kanuni za jioni, mtalii anayeshuka Mombasa au Zanzibar anakuwa na sababu tofauti ya kufungua pochi.

Zilikotoka tai za kipepeo

Kampuni ya Cunard, yenye Queen Mary 2, ilianza safari za kuvuka Atlantiki mwaka 1840. Enzi za meli kubwa za abiria, daraja la kwanza lilikuwa hoteli ya matajiri inayoelea, na kuvaa rasmi kwa chakula cha jioni kulikuwa desturi iliyoletwa kutoka majumbani mwao. Hata hivyo palikuwa na msamaha: usiku wa kwanza na usiku wa mwisho watu hawakulazimika kuvaa rasmi, kwa sababu masanduku yalikuwa hayajafunguliwa au yameshafungwa.

Koti lenyewe jeusi lenye kola za hariri, ambalo Wamarekani huliita tuksedo, lilipata jina hilo katika miaka ya 1880 kutoka Tuxedo Park, makazi ya matajiri katika jimbo la New York. Wakati ule lilionekana vazi la kulegea, maana halikuwa na mkia mrefu kama koti la zamani. Ndivyo mavazi yalivyo. La utundu leo huwa la heshima kesho.

Mwaka 1958 ndege za jeti zilianza kuvusha abiria Atlantiki, na biashara ya kusafirisha watu kwa meli ikaanza kufa. Meli zikageuka kuwa za starehe. Mtu hakupanda tena ili afike bali ili akae ndani yake. Desturi ya kuvaa rasmi jioni haikuzama pamoja na biashara ya zamani. Ilibaki, na baadhi ya kampuni zikaifanya sehemu ya bidhaa wanayouza.

Kila meli na kanuni yake

Leo hakuna kanuni moja ya bahari nzima. Cunard bado iko upande wa heshima ya kale. Katika usiku wa gala hutaka wanaume wavae tuksedo au suti ya rangi ya giza na tai. Baadhi ya usiku huo hupewa rangi au dhamira: nyeusi na nyeupe, nyekundu na dhahabu, au vinyago vya usoni. Jioni nyingine kampuni imelegeza kamba, na tai si lazima. Princess nayo imeendelea kuwa na usiku rasmi katika safari zake.

Upande wa pili wako waliokata kamba kabisa. Norwegian Cruise Line ilianzisha mwaka 2000 utaratibu wa abiria kula saa atakayo, meza atakayo, bila kulazimishwa suti. Viking, iliyoanza safari za baharini mwaka 2015, haina usiku rasmi. Mwishoni mwa mwaka huohuo Celebrity iliondoa usiku rasmi na kuweka jioni za kupendeza tu, ambapo koti ni hiari. Virgin Voyages, ambayo meli yake ya kwanza ilianza kubeba abiria mwaka 2021, haidai vazi rasmi lolote, ila ina usiku mmoja ambao abiria huombwa wavae nyekundu.

Katikati ya pande hizo kuna miiko inayofanana. Kampuni nyingi, hata zile zilizolegea, hazitaki mavazi ya kuogelea, fulana zisizo na mikono wala kandambili katika kumbi kuu wakati wa chakula cha jioni.

Hoja za wanaopenda na wasiopenda

Wanaopenda kuvaa rasmi husema kwamba walinunua tiketi kwa ajili ya usiku ule. Mstaafu aliyefanya kazi miaka 40 kwa ovaroli anataka, walau mara moja, kumwona mke wake akishuka ngazi kwa gauni la kung'aa na kila mtu ukumbini amevaa vilevile. Meza moja ikiwa na mtu wa jinzi, wanasema, picha nzima inaharibika. Ni kama harusi: bibi harusi hawezi kuvaa shela peke yake huku kamati nzima imekuja na nguo za shambani. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho.

Wasiopenda wana hoja nzito pia. Ya kwanza ni mzigo. Anayefika bandarini kwa ndege amewekewa kikomo cha kilo, na tuksedo, viatu vyake, gauni na viatu vya visigino hula nafasi kubwa kwa kazi ya usiku mmoja au miwili. Ya pili ni gharama. Kuna huduma za kukodisha tuksedo kwa safari, lakini nguo ya kuazima ina mambo yake. Ya tatu ni kazi yenyewe ya kuvaa: kupiga pasi ni marufuku katika vyumba vya abiria kwa kuhofia moto, kwa hiyo mtu hupanga foleni kwenye chumba cha kufulia ili anyooshe shati likizoni.

Hoja ya nne haisemwi kwa sauti, nayo ndiyo yenye uchungu zaidi. Kanuni ya mavazi inapanga watu. Zamani daraja la kwanza na la tatu zilitenganishwa na ukuta. Siku hizi ukuta haupo, lakini mlango wa ukumbi unaweza kufanya kazi ileile. Aliye na suti anaingia, asiye nayo anaonyeshwa njia ya kwenda kujipakulia. Chakula atakipata, lakini akila atajua kwa nini yuko pale.

Suluhisho la meli nyingi limekuwa kugawa nafasi. Anayetaka kuvaa apate ukumbi wake, asiyetaka apate wake, na mpaka ujulikane kabla tiketi haijanunuliwa. Linalozua ugomvi mara nyingi ni kanuni iliyoandikwa na isiyofuatwa. Mmoja anabeba tuksedo kutoka nyumbani, halafu meza ya jirani anaketi mtu mwenye kofia ya besiboli na hakuna anayemwambia neno. Hapo pande zote mbili hukasirika.

Kifungu kisichosomwa na wengi

Ndani ya kanuni za Cunard kuna maneno machache yanayopaswa kumsisimua mshonaji wa Kampala, Kigali au Unguja. Pamoja na tuksedo na suti, vazi rasmi la taifa linakubaliwa katika usiku wa gala. Mskochi anaingia na sketi yake ya kilti, na hakuna anayemuuliza tai iko wapi.

Kifungu hicho hakiitaji nchi. Kwa maana hiyo mlango uko wazi kwa kanzu na koti la Mganda, kwa gomesi ya mkewe, kwa kanzu na joho la Mzanzibari, kwa mshanana wa Mnyarwanda na kwa kitenge cha Mkongomani kilichoshonwa kikakamilika kuanzia kilemba hadi chini. Sharti lake ni neno "rasmi". Shati la kitenge la mikono mifupi litafaa katika meli zilizolegeza kanuni, lakini katika usiku wa gala vazi lazima lionekane lilikusudiwa sherehe.

Ajabu ni kwamba vazi linaloweza kupita katika mlango wa meli ya Kiingereza linaweza kukwama nyumbani. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda na mavazi ya jadi ya Kiafrika bungeni, akitaka wanaume wavae koti, shati lenye kola na tai. Hii ilikuwa nchi ambayo Rais wake, William Ruto, alikuwa ameshazoeleka kuonekana na suti za Kaunda. Ubishi uliofuata ulikuwa uleule wa melini: heshima ya mahali inapimwa kwa kipimo cha nani?

Swali hilo linamgusa mfanyabiashara moja kwa moja. Mgeni hununua vazi la taifa kwa kumtazama mwenyeji. Akiona kanzu na gomesi zinavaliwa kwenye harusi na mikutano mikubwa, anajua anachonunua ni vazi la heshima. Akiona wenyeji wenyewe wanaliacha nje ya mlango, atalinunua kama kumbukumbu ya kutundika ukutani, na atatoa bei ya kumbukumbu.

Gatini, saa chache tu

Meli za kitalii hutia nanga Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, na abiria wengi hushuka asubuhi na kutakiwa kurudi kabla meli haijang'oa nanga. Mteja wa namna hiyo hana "njoo kesho, fundi atakuwa amemaliza". Hawezi kupimwa mabega leo na kuchukua nguo Jumatano. Kinachouzika ni kile ambacho kiko tayari na kitamfaa usiku uleule.

Hapo ndipo kujua kanuni za jioni kunapogeuka fedha. Kumbi za kulia melini huwa na viyoyozi, na mwanamke mwenye gauni la mabega wazi huhitaji mtandio. Mtandio mwepesi hauna saizi, haujazi sanduku, na ule usiokunjamana hauhitaji pasi ambayo chumbani hairuhusiwi. Meli yenye usiku wa rangi nyekundu ina abiria waliosahau kubeba chochote chekundu. Azamara ina usiku wa sherehe wa watu kuvaa nyeupe, na kanzu nyeupe safi inatosha kuingia nayo. Muuzaji anayeuliza kwanza ni meli gani imefika, kisha akapanga meza yake kwa rangi, anamtangulia jirani anayemwaga kila kitu kwa pamoja.

Kwa anayetoa mzigo nchi jirani kwenda pwani, kuna jambo moja la kuangalia mapema. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa palepale mpakani, bila ushuru wa forodha. Lakini bidhaa lazima iwe imezalishwa ndani ya Jumuiya. Kapu la ukindu lililosukwa Uganda au agaseke la Rwanda halina mgogoro. Kitenge kilichochapwa Asia na kununuliwa jumla mjini hakiwi cha Afrika Mashariki kwa sababu tu kimepitia Kariakoo au Owino. Ni vyema kumuuliza afisa wa forodha kabla ya kufunga robota, si baada ya kufunguliwa robota.

Suti nazo ziko njiani. Mitumba hubeba kila kitu, na si ajabu kukuta Gikomba koti jeusi lenye kola za hariri likisubiri bwana harusi au mwanakwaya. Koti kama hilo lilishonwa kwa ajili ya meza ya heshima ya watu wengine, na hapa linavaliwa kwa heshima mpya.

Melini, tai zitaendelea kulegea kampuni moja baada ya nyingine, na chache zitaendelea kuzikaza kwa sababu kuna wateja wanaolipia kukazwa. Usiku wa gala utakapofika, mlinzi wa mlango wa ukumbi atatazama kama mgeni amevaa rasmi, na vazi la taifa litakuwa halali mbele yake. Kilichobaki ni kwa wenye vazi hilo kulishona vizuri, kulivaa wenyewe mchana kweupe na kulipangia bei ya sherehe.