Upimaji wa sumu ya kuvuta pumzi
Upimaji wa sumu ya kuvuta pumzi ni jaribio la maabara linaloonyesha ni kiasi gani cha kemikali hewani, iwe gesi, mvuke, vumbi au ukungu, kinachoweza kudhuru au kuua kiumbe anayeivuta kwa muda mfupi.

Kwa kawaida panya wa maabara huvutishwa hewa yenye kemikali hiyo kwa saa 4, kisha huangaliwa kwa siku 14. Kiasi kinachokadiriwa kuua nusu yao huitwa LC50. Namba hiyo ikiwa ndogo, sumu ni kali zaidi. Gesi yenye LC50 isiyozidi sehemu 100 kwa milioni huwekwa katika daraja la 1, lenye hatari kubwa kabisa, na chombo chake hubandikwa alama ya fuvu na mifupa.

Hatari ya sumu za aina hiyo ilionekana huko Bhopal, Uhindi, mnamo Desemba 1984, gesi ya isosianati ya methili ilipovuja usiku kutoka kiwanda cha viuatilifu na kuua maelfu ya watu.

Hata hivyo, jaribio lenyewe huua wanyama. Ndiyo sababu mwongozo namba 433 wa OECD, uliopitishwa mwaka 2017, hutumia dalili za wazi za sumu badala ya kifo.