Nakamichi Dragon, Deki Inayonyoosha Hedi Yake Yenyewe

Kanda ya kaseti ina upana wa milimita 3.81 tu, na hupita mbele ya hedi kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, sauti nyembamba ya hezi 15,000 huandikwa kwa mawimbi yenye urefu wa maikroni 3 na kidogo. Ugomvi wote wa kaseti unaanzia hapo. Mwanya wa hedi unatakiwa ukae nyuzi 90 kamili na mwelekeo wa kanda. Ukiinama kwa moja ya tano tu ya digrii, kwenye njia ya sauti yenye upana wa milimita 0.6 ukingo mmoja unautangulia mwingine kwa maikroni 2 hivi, na zaidi ya nusu ya mlio ule inapotea. Matoazi yanasikika kama yamefunikwa blanketi.

Mafundi redio wanaijua dawa yake: bisibisi ndogo kwenye skrubu iliyo kando ya hedi, unazungusha huku umetega sikio mpaka sauti ifunguke. Ila ukiweka kaseti iliyorekodiwa kwenye mashine nyingine, kazi inaanza upya, maana kila mashine hurekodi kwa mwinamo wake.

Mwaka 1982 kampuni ya Nakamichi ya Japani ilitoa Dragon. Hedi yake ya kusomea inaigawa njia ya chaneli ya kulia nusu mbili, ya juu na ya chini. Saketi inalinganisha sauti za nusu hizo: zikifika pamoja, hedi imenyooka, moja ikitangulia, mota ndogo inaigeuza hedi taratibu mpaka zilingane. Haitaki mlio maalumu wa majaribio. Inajipima kwa muziki wenyewe, na haiachi kujirekebisha wimbo ukiendelea. Kwangu mimi, katika historia nzima ya kaseti sijaona ufundi mzuri kuushinda huu.

Faida yake huonekana zaidi kanda inapogeuza mwelekeo. Dragon hucheza pande zote mbili bila kaseti kutolewa, na kanda ikirudi huegemea tofauti kidogo. Ndiyo maana deki nyingi za kujigeuza zilisikika safi upande mmoja tu. Nakamichi hao hao, katika modeli ya RX-505, waliamua kuigeuza kaseti yenyewe kwa mitambo. Raha kuitazama!

Ndani ya Dragon, kanda huvutwa na vijiti viwili vya kapstani vyenye unene tofauti, ili mitikisiko yao isijumlike. Kwa kuwa vinaishika ikiwa imekazwa, kile kipedi kidogo cha ndani ya kaseti kinachoisukuma kanda kwenye hedi husogezwa nyuma, kisiikwaruze.

Anayeinunua Dragon leo aijaribu kwa kaseti ya muziki iliyorekodiwa kwenye mashine nyingine, pande zote mbili. Kaseti ya hotuba haitoshi, kwani mfumo unahitaji sauti nyembamba za kulinganisha. Matoazi yasipofunguka baada ya sekunde chache, atafute kwanza fundi anayeijua Dragon yenyewe, ndipo azungumzie bei.