Dawa Isiyotibu: Asidi ya Indoli katika Mashamba ya Bonde la Ufa

Katika mashamba ya maua yanayolizunguka Ziwa Naivasha, waridi la kuuzwa halianzi na mbegu. Hukatwa kijiti cha aina inayotakiwa sokoni, kikaunganishwa na kijiti cha waridi jingine lenye mizizi imara, aghalabu lile liitwalo Natal Briar. Kisha ncha ya chini huchovywa katika unga laini na kupandwa ndani ya kivungulio chenye unyevu. Unga huo ni dawa ya mizizi. Katika Kiswahili cha shambani, karibu kila kitokacho katika duka la pembejeo ni dawa: ya wadudu, ya kuvu, ya magugu. Makala hii inanuia kueleza kilichomo katika unga huo, na kwa nini jina lake si jambo dogo.

Kiini chake ni asidi ya indoli-butiriki. Neno indoli lina nasaba ambayo mwanafunzi wa Kiswahili ataifurahia, kwani limetokana na jina la nili, ile rangi ya buluu ya kutia nguo. Mkemia Mjerumani Adolf von Baeyer aliipata indoli mwaka 1866 alipokuwa akiichunguza nili. Umbo lake ni pete mbili zilizoshikana: moja ya kaboni sita, nyingine ya kaboni nne na naitrojeni moja, huku kaboni mbili zikiwa za pete zote mbili. Pete hizo zikiongezewa mkia mfupi wa asidi ya kaboni mbili, hupatikana asidi ya indoli-asetiki, ambayo ndiyo auksini kuu ya mimea. Mkia ukiwa wa kaboni nne, ndiyo hii ya Naivasha.

Auksini ni homoni, yaani ujumbe wa kikemia. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza kwamba ncha ya chipukizi la nyasi ndiyo ihisiyo mwanga, ilhali kinachopinda ni sehemu iliyo chini yake. Basi ilibidi pawepo kitu kinachosafiri kati ya hizo mbili. Mwaka 1934 watafiti nchini Uholanzi walikitambua kitu hicho baada ya kukitoa, ajabu ya maajabu, katika mkojo wa binadamu.

Homoni hii hutengenezwa hasa katika machipukizi na majani machanga, ikateremka kuelekea mizizini. Kijiti kikikatwa, njia yake hukatika nayo ikarundikana penye jeraha, na chembe za hapo zikaanza kuunda mizizi. Mwelekeo huo hausahauliki kwa urahisi: kijiti kikipinduliwa, mizizi bado huelekea kutokea upande uliokuwa chini zamani. Unga huongeza tu kile ambacho mmea ulikuwa umekwisha kukianza. Asidi ya indoli-butiriki hupendelewa kwa sababu ile ya asetiki huharibiwa upesi na mwanga pamoja na vimeng'enya vya mmea. Hii hudumu, ikageuzwa polepole ndani ya chembe kuwa nduguye.

Kipimo ndicho kila kitu. Katika kilo moja ya unga wa kawaida, asidi yenyewe ni gramu 1 hadi 8 tu, kidogo kwa vijiti laini na zaidi kwa vilivyokomaa. Ikizidi, ncha huvimba, huungua au huoza, na mizizi haitoki.

Hatari ya kuzidisha huonekana waziwazi zaidi katika mashamba ya ngano ya Njoro na Mau Narok. Huko hunyunyizwa 2,4-D, dawa ya magugu iliyozuka miaka ya 1940 kutokana na uchunguzi wa auksini. Haina pete ya indoli, lakini huiigiza auksini kwa wingi ambao gugu la majani mapana haliwezi kuudhibiti: hujisokota, hukua ovyo, hufa. Ngano husalimika. Upepo ukiipeperusha hadi kwenye maharagwe ya jirani, hayo hayatasalimika. Ujumbe unaootesha mzizi Naivasha ndio, kwa sauti kubwa mno, unaoua magugu Njoro. Na pakiti zote mbili huitwa dawa.

Yawezekana kulitetea neno hilo, kwa hoja kwamba kila dawa ina kipimo. Hata hivyo, dawa humfikirisha mtu kuhusu ugonjwa, na mgonjwa asiyepona huongezewa. Kijiti hakiumwi. Auksini ni istilahi inayofaa kitabuni, ikikaa sambamba na homoni ambayo imekwisha kuzoeleka. Kwa pakiti inayoshikwa na mfanyakazi asiye na kitabu, pengine kichochezi cha mizizi kingetosha, mradi chini yake paandikwe kwa Kiswahili hichohicho: chovya ncha tu, kung'uta unga uliozidi, wala usirudishe pakitini uliobaki, kwani umekwisha kupata majimaji.