Miwani Isubiri, Sukari Ishuke

Mkulima wa Handeni anaona ukungu, anakwenda zake Korogwe kununua miwani. Miezi miwili baadaye miwani hiyo haimfai tena, naye anamlaumu aliyempima. Kumbe kilichobadilika ni jicho lenyewe.

Sukari ikizidi katika damu, huzidi pia katika majimaji yanayoizunguka lenzi ya jicho. Ikiingia ndani ya lenzi, sehemu yake hugeuka sorbitoli, ambayo haitoki upesi, na huko huvuta maji. Lenzi inavimba. Mara nyingi mtu huanza kuona vizuri vya karibu: bibi aliyekuwa hasomi bila miwani sasa anasoma, ila basi linaloingia stendi hajui linakwenda Tanga au Lushoto. Akianza dawa za kisukari, sukari ikashuka, mambo yanageuka: mbali panaonekana, maandishi yanapotea. Hapo wapo wanaoacha dawa wakidhani ndizo zinazowapofusha. Sizo! Lenzi inarudi katika hali yake, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Basi pima miwani sukari ikishatulia.

Ukungu huo hupita. Ninachokiogopa mimi kiko nyuma kabisa ya jicho, kwenye retina, ambako mishipa midogo ya damu hudhoofika, huvuja na kuziba. Jicho likikosa oksijeni ya kutosha huotesha mishipa mipya, dhaifu, inayopasuka na kumwaga damu ndani. Yote haya huanza bila maumivu, na mgonjwa huweza kusoma herufi zote ukutani huku retina inaharibika. Miwani haiwezi kutibu hilo. Leza na sindano za ndani ya jicho huzuia uharibifu usiendelee, lakini si mara zote hurudisha kilichokwisha kupotea.

Kinga ipo. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba wenye kisukari cha aina ya kwanza ambao retina zao zilikuwa bado nzima, walipoidhibiti sukari kwa makini, hatari ya ugonjwa huu wa retina ilipungua kwa asilimia 76. Shinikizo la damu nalo lidhibitiwe.

Ukienda kliniki ya kisukari, iwe katika hospitali ya Magunga au ya Bombo, uliza lini retina yako itapimwa. Mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe mara tu anapogundulika, kisha kila mwaka. Utatiwa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa hutaona sawasawa, kwa hiyo usiendeshe pikipiki. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani.